Beji ya Keya niliyonunua ni ya kweli? Na medali za babu tuziuze?

BARUA

Mzee wangu, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Songea, nina miaka 34. Nakuandikia kwa mambo mawili yanayoninyima usingizi, na yote mawili yametoka ndani ya kopo moja la biskuti.

Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Aliandikishwa mwaka 1942, akapelekwa Burma, akarudi nyumbani 1946 na kulima mahindi na tumbaku mpaka alipofariki mwaka 1996. Bibi bado yupo. Umri umekwenda lakini kumbukumbu anazo. Mwaka juzi aliniita chumbani kwake, akanipa hilo kopo na kuniambia, "Wewe ndiye unayependa kusoma, kaa nalo." Ndani nilikuta nyota mbili za shaba zenye ncha sita, medali moja ya mviringo yenye rangi kama fedha, beji ya kofia yenye umbo la baragumu na namba 6 katikati, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Karatasi hiyo ni cheti chake cha kuachishwa jeshi. Jina lake limeandikwa kwa namna ambayo sisi hatuliandiki. Namba yake ya jeshi ipo, kikosi kimeandikwa 36 K.A.R., na chini kabisa ipo alama ya dole gumba lake.

Tangu siku ile nikaanza kukusanya. Nilipolipwa malimbikizo yangu ya mshahara nikaenda kwa muuzaji mmoja wa vitu vya kale (mji na jina lake sitavitaja) nikanunua vitu vitatu. Cha kwanza ni beji ya Keya yenye baragumu, shilingi 350,000. Aliniambia imetoka kwa familia ya askari aliyefia Burma. Cha pili ni beji ya Tanganyika Rifles, shilingi 280,000. Cha tatu ni medali ya fedha ya Vita Kuu ya Kwanza yenye jina la askari wa Keya ukingoni, shilingi 600,000. Mke wangu hakufurahi, nami nilimwambia hii ni akiba.

Mwezi uliopita nilikwenda Arusha kikazi. Kwenye meza ya mtu mwingine kabisa nikaona sinia lenye beji nane za baragumu. Nikaishika moja, nikaona pengo dogo kwenye mdomo wa baragumu, upande wa kushoto. Nikashika ya pili, pengo lile lile. Zote nane zilikuwa nalo. Niliporudi nyumbani nikaitoa yangu kabatini huku mkono ukitetemeka. Na yangu inalo.

Jambo la pili ni zito zaidi. Baba mdogo amempata mnunuzi wa medali za babu. Mtu huyo alikuja nyumbani, akazigeuza nyota nyuma, akasema hazina jina la mtu, kwa hiyo ni za kuiga, ila kwa heshima ya mzee atatoa shilingi 80,000 kwa zote. Kisha akauliza kama tuna karatasi yoyote. Alipooneshwa kile cheti akasema vyote pamoja na cheti atatoa 400,000. Baba mdogo anasema paa la nyumba ya bibi linavuja, bati zinahitajika, na hakuna sababu ya kung'ang'ania medali za bandia. Yeye ni baba yangu, siwezi kubishana naye. Lakini moyo wangu unakataa.

Nimekuambatanishia picha za vitu vyote, mbele na nyuma. Naomba uniambie: nimeibiwa? Medali za babu ni za bandia kweli? Na baba mdogo nimwambieje?

Mjukuu wa Keya, Songea

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ile karatasi, maana mnunuzi wenu naye alikuwa anaitafuta hiyo hiyo ingawa alijifanya kuitaja mwishoni. Mtu aliyeamini kweli kwamba nyota zile ni za bandia asingezipandisha kutoka 80,000 hadi 400,000 kwa sababu ya kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Hesabu yake inasema alichokijua. Laki tatu na ishirini alizoziongeza ni bei aliyokipa cheti cha babu yako peke yake, na hata hiyo ni bei ya kumpunja mtu.

Nyota za babu yako ni za kweli kwa kila ninachokiona kwenye picha. Kutokuwa na jina hakuzishushi hata kidogo. Medali za Vita Kuu ya Pili Uingereza ilizitoa tupu, bila kuchonga jina wala namba ya mtu. Afrika Kusini, Australia na India ziliamua kuchonga majina kwenye za askari wao, lakini za askari wa Uingereza wenyewe na za Keya zilitoka hivyo hivyo, mgongo laini. Ningeona jina nyuma ya nyota ya askari wa Tanganyika, hapo ndipo ningeshtuka na kuuliza nani kalichonga, lini, na kwa nini.

Ile yenye utepe wa bluu ya kiza wenye mstari mpana mwekundu katikati na michirizi ya rangi ya chungwa ni Nyota ya Burma. Ya pili, yenye bluu ya kiza, nyekundu na bluu ya mbingu kwa upana sawa, ni Nyota ya 1939–1945. Ile ya mviringo, ambayo nyuma yake simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, ni Medali ya Vita ya 1939–1945. Hiyo si fedha, ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na nikeli, na nakuambia mapema ili asije ndugu yeyote akaipeleka kwa sonara. Medali tatu hizi zinalingana na askari aliyeingia 1942 na kwenda Burma. Cheti kinasema Burma, utepe unasema Burma. Vitu vinapokubaliana namna hiyo bila ya mtu kuvisukuma, nusu ya kazi ya uthibitisho imekwisha.

Sasa niseme ukweli usiopendeza. Nyota ya Burma ikiwa peke yake, bila karatasi, sokoni haina bei kubwa. Zilitengenezwa nyingi mno, na huko Uingereza zimejaa kwenye meza za minada. Nyota ambayo inajulikana ni ya nani, yenye cheti, namba ya jeshi na kikosi cha askari Mwafrika aliyetoka kijiji kinachojulikana, hiyo haionekani kirahisi. Askari wetu wengi walirudi wakaishi, wakafa, na karatasi zao zikaliwa na mchwa.

Una swali ambalo hukuniuliza, lakini nadhani limekutatiza: kwa nini cheti kinasema 36 na beji inasema 6? Hakuna kosa hapo. Keya iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vilivyokuwepo Nyasaland (Malawi ya leo), Uganda na Afrika Mashariki ya Kiingereza (Kenya ya leo), na batalioni ya 6 ikaja kuwa ya Tanganyika. Vita ya Pili ilipoanza, batalioni ya 6 ilizaa nyingine: ya pili ya sita, ya tatu ya sita, na kuendelea. Baadaye namba zikaunganishwa, 2/6 ikawa 26 na 3/6 ikawa 36. Kwa hiyo 36 isome "tatu, sita". Batalioni ya 36 ilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Mwaka 1944 divisheni hiyo ilishuka Bonde la Kabaw wakati wa masika, kwenye matope na malaria, hadi ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Babu yako, kama cheti kinavyoonesha, alikuwa miongoni mwao. Beji yenye 6 kwenye kofia ya mtu wa 36 inaeleweka kabisa.

Tuje kwenye manunuzi yako.

Beji ya kwanza ni nakala. Pole sana. Nimekaa mezani kwa sonara zaidi ya miaka thelathini kabla ya macho kuchoka, na kusubu, yaani kumimina madini yaliyoyeyuka kwenye kalibu, nimekusubu mwenyewe mara zisizohesabika, kwa hiyo pengo lile nalijua. Beji halisi ya aina hii ilipigwa chapa: bamba jembamba la shaba ya njano liliwekwa kati ya vyuma viwili vilivyochongwa, likagongwa kwa mashine. Ukiigeuza, mgongo unafuata uso. Palipovimba mbele pamebonyea nyuma. Yako imesubiwa. Mtu amechukua beji moja, pengine halisi, yenye pengo mdomoni, akaikandamiza kwenye udongo au raba kupata kalibu, akamimina shaba. Kila mtoto aliyetoka kwenye kalibu ile amezaliwa na kovu la mama yake. Beji nane kwenye sinia moja haziwezi kuangukia jiwe lile lile, pembe ile ile.

Bahati yako ni kwamba huhitaji kuniamini mimi wala kwenda makumbusho yoyote. Unayo beji ya babu. Ziweke mbili hizo sambamba juu ya kitambaa cheupe, asubuhi, karibu na dirisha, na utumie lenzi. Kwenye ya babu angalia nafasi iliyo wazi kati ya kamba za baragumu: kingo zake zimekatwa na chuma kwa mkupuo mmoja, zina mikwaruzo midogo iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma. Kwenye ya muuzaji utaona kingo za mviringo, kama sabuni iliyotumika, na hapa na pale alama za tupa ambapo fundi aliondoa shaba iliyofurika. Angalia sehemu tambarare. Utakuta vitundu vidogo mno kama vya ngozi ya chungwa. Hizo ni hewa zilizonaswa shaba ilipokuwa ikipoa. Kisha pima upana kwa kipimo cha venia. Shaba ya njano ikiganda hunywea kama asilimia 1.5, na hiyo kwenye beji ya milimita 40 ni zaidi kidogo ya nusu milimita. Nakala karibu kila mara ni ndogo kuliko mama yake.

Geuza nyuma utazame vile vitanzi viwili vya kushikia kofia. Vya babu ni vya waya wa shaba nyekundu na vimeungwa kwa moto mkali, huoni lehemu ikimwagika. Vya ile nyingine vimekalia tone la lehemu nyeupe inayong'aa, na lehemu hiyo haijachakaa hata kidogo wakati uso wa beji unajifanya kuwa na miaka themanini. Na uchakavu wenyewe ni wa uongo. Askari alisugua beji yake kila siku kwa dawa ya shaba, kwa hiyo palipoinuka ndipo panapolika kwanza, na mabonde hubaki na uchafu mkavu wa kijani na mweusi. Nakala yako imezeeshwa kwa tindikali: rangi ni moja kila mahali, juu na chini, na ukiisogeza puani siku ya mvua huenda bado inanuka.

Nisikufunge kwenye kanuni moja lakini. Kuna beji halisi za enzi za ukoloni zilizosubiwa. Huko India mafundi wa sokoni walivitengenezea vikosi beji kwa kumimina kwenye mchanga. Kwa hiyo kusubiwa peke yake siyo hukumu. Kilichoihukumu yako ni pengo lile pamoja na lehemu na rangi, vyote vikisema neno moja.

Medali ya fedha ndiyo iliyonikalisha muda mrefu. Medali yenyewe ni ya kweli. Ni Medali ya Vita ya Uingereza, kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja, na upande wa pili mtu aliyepanda farasi akikanyaga ngao, pamoja na miaka 1914 na 1918. Hizi, tofauti na nyota za babu yako, zilitolewa zikiwa na namba, jina na kikosi ukingoni. Hapo ndipo penye shida. Herufi za asili ziligongwa kwa mashine: zina kina kimoja, zimesimama kwenye mstari mmoja, na kila moja ina kingo kali. Zako zimechongwa kwa mkono. Herufi R inaanza kwa kina na kumalizia na mkia mwembamba kama unywele, jambo ambalo mashine haifanyi. Pima kipenyo kwa venia sehemu nne tofauti. Kinapaswa kuwa milimita 36. Ukikuta pungufu, au ukingo umebonyea kidogo katikati kama kitako cha kijiko, basi mtu amelisaga jina la mwenyewe wa kwanza, pengine kijana wa Uingereza aliyekuwa kwenye rejimenti yenye maelfu ya medali, akaweka jina la askari wa Keya ili bei ipande. Fedha ni ya kweli, jina si lake. Usiitupe, lakini usiionyeshe kwa wanafunzi wako kama medali ya askari yule mpaka utakapopata kadi yake. Nakala za kadi za fahirisi za medali za Vita ya Kwanza zipo kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, London, na zinatafutika kwa jina na kwa namba, ingawa si lazima kila askari wa Keya awemo. Tafuta kwa namba kwanza. Makarani waliandika majina yetu walivyoyasikia, kama ulivyoona kwenye cheti cha babu.

Beji ya Tanganyika Rifles siwezi kuithibitisha kwa picha, na sitajifanya naweza. Ninachoweza kukuambia ni kwa nini imekuwa windo la waigaji. Jina hilo liliishi muda mfupi sana. Batalioni ya 6 ya Keya iligeuka Tanganyika Rifles tulipopata uhuru, Desemba 1961. Januari 20, 1964 askari wake wakaasi katika kambi ya Colito, jijini Dar es Salaam, kambi iliyobeba jina la mapigano ya Keya huko Habeshi (Ethiopia) mwaka 1941 na ambayo leo tunaiita Lugalo. Baada ya uasi kikosi kikavunjwa, na Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Miaka miwili na miezi kadhaa, basi. Kitu kilichotengenezwa kwa muda mfupi hivyo kina wanunuzi wengi kuliko beji zenyewe, na pengo hilo hujazwa na watu wenye kalibu. Ilete mkononi mwangu ukifika Dar.

Hapa niweke onyo la haraka kwako na kwa wasomaji wengine: beji, vyeo na sare za majeshi yetu ya sasa usikusanye, usinunue, hata ukiuziwa na mtu anayedai amestaafu. Raia kukutwa na sare za jeshi ni kosa, na hakuna askari wa doria atakayekaa kusikiliza habari za makusanyo yako.

Kwa muuzaji rudi mapema, ukiwa na mtu mzima mmoja mnayeheshimiana naye, bila kelele. Chukua beji ya babu na ile aliyokuuzia, ziweke mezani pamoja na lenzi, mwache atazame mwenyewe. Mwambie pia kuhusu sinia la Arusha. Inawezekana naye aliuziwa hivyo hivyo. Akirudisha fedha, vizuri. Asiporudisha, hukupata risiti na hukuandikishiana, kwa hiyo utakuwa umelipa ada ya shule. Ila nakuomba kitu kimoja: usiiuze tena. Chukua sindano ya chuma uchonge neno NAKALA mgongoni. Na siku nyingine mtu akianza kukusimulia habari ya marehemu aliyefia Burma kabla hujaitazama beji, mwombe anyamaze kwanza. Kagua shaba ikiwa kimya. Hadithi isikilize baadaye, na uombe jina, kijiji na namba.

Sasa baba mdogo.

Usiende kwake na maneno ya historia ya taifa. Ana paa linalovuja juu ya mama yake, na hoja yake ni ya haki kuliko unavyotaka kukubali. Nenda na bati. Kwa ninavyosoma barua yako, umetoa shilingi 1,230,000 kwa vitu vya watu usiowajua wakati bibi aliyekupa kopo analala chini ya paa bovu. Sikulaumu, mwanangu. Nakuonesha kwa nini maneno yako hayatamwingia. Pata sehemu ya fedha yako kwa muuzaji, au ujibane miezi miwili, upeleke bati kwanza, kisha ndipo uombe kikao. Medali zile si zako wala si zake, ni za watoto na wajukuu wote wa mzee. Katika kikao mweleze aliyoyafanya mnunuzi yule, hatua kwa hatua: alivyogeuza nyota, alivyosema hazina jina, na namna bei ilivyoruka alipoona cheti. Baba mdogo ni mtu mzima, atajumlisha mwenyewe.

Na kama ukoo ukiamua kuuza, ni haki yao. Lakini visitenganishwe. Nyota, beji na cheti vikae pamoja, na kabla havijatoka mlangoni vipigwe picha, cheti kitolewe nakala mbili, na Idara ya Mambo ya Kale iulizwe ikiwa mnunuzi anataka kuvitoa nje ya nchi.

Nitakuambia kwa nini nalishikilia hili. Miaka mingi iliyopita mama mmoja aliniletea medali kama ile yako ya fedha. Alitaka hereni za bintiye aliyekuwa anaolewa. Wakati ule bei ya fedha ilikuwa juu, na masonara tulikuwa tunanunua fedha popote ilipotoka. Niliigeuza, nikaliona jina ukingoni, nikalisoma kwa sauti, naye akasema, "Ndiyo, huyo ni baba yake baba yangu." Kisha nikaiweka kwenye chungu cha kuyeyushia nikafungulia moto. Hereni zilitoka nzuri. Jina nimejaribu kulikumbuka miaka yote hii, silipati. Nakumbuka tu kwamba lilianza na M. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, waliokufa katika Vita ya Kwanza, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa. Niliposoma habari hiyo niliwaza chungu changu. Yule wa M hakufia vitani, lakini jina lake lilikuwa limeandikwa mahali pamoja, na mahali hapo nilipayeyusha mimi.

Kuhusu utunzaji, ni maneno machache. Usisugue. Dawa ya kung'arishia shaba ikifuta ule weusi wa mabondeni, umefuta ushahidi. Pangusa kwa kitambaa laini kikavu, shika kwa kingo, utepe uache ulivyo hata kama umechanika. Usiviweke kwenye mifuko ya plastiki laini, hutoa jasho na kuleta kutu ya kijani. Cheti kikunjue taratibu siku isiyo na unyevu, ukilaze kati ya karatasi nyeupe mbili ndani ya jalada gumu, na usikipake gundi ya utepe popote, hata kwenye mikunjo iliyoanza kukatika.

Halafu uende kwa bibi na simu yako, urekodi. Muulize mzee alivaa beji ile lini na wapi, alikuwa anasema nini kuhusu Burma alipokuwa na wenzake, na alikuwa anasema nini akiwa na mkewe peke yao, kwa maana mara nyingi si maneno yale yale. Muulize jina lile la kwenye cheti lilitamkwaje kambini. Muulize nani mwingine alitoka kijijini kwenu kwenda Keya, na kama mjane wa yeyote kati yao bado yupo na kopo lake.

Nimelitazama sana lile dole gumba kwenye picha yako. Limebonyezwa kwa nguvu, upande wa kulia wino umezidi, na katikati ya mistari kuna kovu lililonyooka, kama la kukatwa na kisu au waya. Mwonyeshe bibi alama hiyo, umuulize kovu lile mzee alilipata wapi.